Mtakatifu Fiacre, Mtunza Bustani Aliyeitwa Mchawi



Ifikapo tarehe 30 Agosti, Wakristo wa Jimbo la Meaux nchini Ufaransa humkumbuka Mtakatifu Fiacre, mmonaki wa karne ya 7 ambaye watunza bustani wa Ulaya wanamheshimu kama msimamizi wao. Hapa kwetu Kharumwa tarehe hiyo huangukia katika kilele cha kiangazi, majaruba ya mpunga yakiwa yamekauka na kupasuka, na mchicha mbichi ukipatikana tu kwa yule mwenye kisima karibu. Jina la mtakatifu huyu hatulisikii mara nyingi katika ubatizo wa watoto wetu. Hata hivyo, maisha yake yanagusa mambo mawili tunayoyaishi kila siku katika Wilaya yetu ya Nyang'hwale: udongo unaotulisha, na ulimi unaoweza kumwangamiza jirani. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuyasimulia.

Kutoka Ireland hadi Meaux

Fiacre alizaliwa Ireland, kisiwa kilichoko magharibi mwa Uingereza. Ireland ya wakati ule ilikuwa nchi ya wamonaki. Mtakatifu Patrisi alikuwa amehubiri Injili huko katika karne ya 5, na baada yake mabonde, kingo za mito na hata visiwa vidogo vya baharini vilipata monasteri zilizounganisha sala, elimu na kazi za mikono. Katika malezi ya namna hiyo kijana Fiacre alijifunza kusali Zaburi, kuitambua mitishamba na kuulima udongo. Mapokeo yanasimulia kwamba aliishi kwanza kama mkaapweke katika eneo la Kilkenny, lakini watu wengi walimfuata wakitafuta uponyaji na mashauri, hata upweke wake ukavunjika. Ndipo alipoamua kuvuka bahari.

Kuondoka kwake kulikuwa na maana ya kiroho. Wamonaki wa Ireland walihesabu kuacha ukoo, lugha na ardhi ya baba zao kuwa sadaka kubwa ambayo mtu anaweza kumtolea Mungu. Mtu aliyekuwa mwana wa nyumba katika nchi yake alikubali kuwa mgeni maisha yake yote. Mbele ya Fiacre alikuwa amekwisha kupita Mtakatifu Columbanus, mwanzilishi wa monasteri ya Luxeuil nchini Ufaransa na ya Bobbio nchini Italia, aliyefariki mwaka 615. Columbanus alipofukuzwa Luxeuil mwaka 610, alipokelewa na jamaa moja mashuhuri karibu na mji wa Meaux, naye akambariki binti yao Burgundofara. Binti huyo alikuja kuanzisha monasteri ya Faremoutiers na kuheshimiwa kama mtakatifu. Ndugu yake, Faro, akawa Askofu wa Meaux.

Tunaona hapa jinsi wema unavyopanda mbegu. Nyumba iliyompokea mgeni mmoja kutoka Ireland ndiyo iliyomlea askofu ambaye, miaka mingi baadaye, alimpokea mgeni mwingine kutoka kisiwa kile kile. Fiacre alipofika akiomba mahali pa kusali na kufanya kazi, Askofu Faro alimpa sehemu ya msitu wa ukoo wake, mahali paitwapo Breuil. Leo kijiji kilichoko pale kinaitwa Saint-Fiacre.

Bustani ya Breuil

Kazi ya kwanza ya Fiacre ilikuwa kufyeka msitu. Alijenga kikanisa kidogo kwa heshima ya Bikira Maria, akajenga chumba chake cha kuishi, na kando yake akaweka nyumba ya kuwapokea wasafiri, maskini na wagonjwa. Kisha akalima bustani. Bustani hiyo haikuwa burudani ya mtu mwenye nafasi. Wageni walihitaji kula, na mgonjwa alihitaji dawa. Vyote viwili vilitoka katika matuta yale yale.

Namna bustani za wamonaki zilivyopangwa tunaifahamu vizuri kutokana na ramani maarufu ya monasteri iliyohifadhiwa Sankt Gallen nchini Uswisi, iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 9. Katika ramani hiyo bustani ya mboga ina matuta 18 yaliyonyooka, kila tuta na mmea wake: vitunguu, vitunguu saumu, kabichi, giligilani, figili na nyinginezo. Karibu na nyumba ya wagonjwa kuna bustani ya dawa yenye matuta 16, na humo, kati ya mitishamba, yamewekwa waridi na yungiyungi. Mtakatifu Benedikto naye, katika sura ya 66 ya Kanuni yake, alikuwa ameagiza kwamba bustani iwe ndani ya eneo la monasteri, pamoja na maji na kinu. Mapokeo hayo yote hayakutenganisha chakula na uzuri. Tuta lilinyooshwa kwa kamba, njia zilifagiliwa, na ua lilipandwa karibu na mboga, kwa sababu macho ya mgonjwa nayo yanahitaji kulishwa, na altare ya Bwana inastahili kupambwa.

Kwa sisi tunaoishi katika nchi ya jua, ni vigumu kuwaza ugumu wa kazi hiyo katika nchi ya baridi. Meaux iko kilomita 40 hivi mashariki ya Paris. Kuanzia mwezi Oktoba siku hufupika, na miti huanza kupukutisha majani. Kufikia Sikukuu ya Watakatifu Wote na ile ya Mtakatifu Martini, tarehe 11 Novemba, sakitu huonekana alfajiri, ikiyafunika majani kama unga mweupe. Mmea laini ukiguswa na sakitu hiyo hunyauka na kuwa mweusi kwa usiku mmoja. Mkulima asiyejiandaa hukuta jasho la miezi yote limepotea.

Kwa hiyo, wakati wengine wanadhani kazi ya bustani imekwisha, mtunza bustani wa nchi zile huwa na kazi nyingi kuliko awali. Huchimbua mboga za mizizi kabla ardhi haijawa ngumu, na kuzifukia ndani ya mchanga mahali pakavu. Husuka vitunguu na kuvitundika. Hukusanya majani yaliyoanguka, akayarundika yaoze yawe mboji, na mengine huyatandaza juu ya matuta kama blanketi. Huleta samadi na kuilaza udongoni ili mvua na baridi viilainishe. Hupanda vitunguu saumu kabla ya majira ya baridi, akijua kwamba hatavuna mpaka kiangazi kinachofuata. Kabichi ngumu huziacha shambani, kwa maana baadhi yake huzidi kuwa tamu baada ya kupigwa na baridi. Mwisho husafisha jembe na sepetu, akazipaka mafuta zisishikwe na kutu.

Tukitafakari vizuri, hekima hii si ngeni kwetu. Bibi zetu wa Usukuma waliwaza vivyo hivyo walipokausha majani ya kunde kuwa nsansa, na walipokata viazi vitamu kuwa michembe au kuvichemsha na kuvianika kuwa matobolwa. Adui wa Mfaransa ni baridi, adui wetu ni ukame. Lakini fadhila inayotakiwa ni moja. Ni fadhila ya mtu anayefanya kazi leo kwa ajili ya siku asiyoiona bado, naye anaamini kwamba Mungu aliyeiumba mbegu hataiacha gizani. Tunaweza kusema kwamba kila anayefukia mbegu au kizizi udongoni anatenda tendo dogo la imani katika ufufuko.

Shtaka

Sasa tunafika mahali ambapo maisha ya mtakatifu huyu yanatugusa kwa uchungu. Bustani ilistawi, wageni wakaongezeka, na ardhi haikutosha. Fiacre alirudi kwa Askofu Faro kuomba sehemu zaidi. Mapokeo, yaliyoandikwa karne kadhaa baada ya kifo chake, yanasimulia kwamba askofu alimruhusu kuchukua eneo lote atakaloweza kulizungushia mtaro kwa siku moja. Fiacre alisali, kisha akaanza kuikokota sepetu yake juu ya ardhi. Mahali popote chuma kilipogusa, udongo ulifunguka wenyewe kuwa mtaro, na miti ikaanguka pembeni.

Mwanamke mmoja wa jirani aliona jambo hilo. Mapokeo yanamwita Becnaude. Hakuuliza, hakusubiri. Alikimbia mpaka kwa askofu na kumshitaki mgeni huyo kuwa ni mchawi anayetumia nguvu za giza kujipatia ardhi. Kisha akarudi Breuil, akamtukana Fiacre hadharani na kumtaka aache kazi mara moja kwa amri ya askofu.

Tuone ni nani aliyeshitakiwa. Alikuwa mgeni asiye na ukoo wa kumtetea. Alikuwa mtu wa kimya, aishiye peke yake. Alikuwa na ujuzi wa mitishamba ambao jirani zake hawakuwa nao. Zaidi ya yote, bustani yake ilikuwa imestawi kuliko za wengine. Mambo haya manne yalitosha, katika akili ya mtu aliyejaa wivu na hofu, kuwa ushahidi kamili.

Je, si kweli kwamba tunaijua hadithi hii? Katika vijiji vyetu, mtu akivuna pamba nyingi, au duka lake likipata wateja, au duara lake la dhahabu likitoa mawe mazuri wakati la jirani limekauka, wapo wanaonong'ona mara moja kwamba ana ndagu. Tena mnong'ono huo mara nyingi haumwangukii mwenye nguvu, unamwangukia mnyonge. Kanda yetu ya Ziwa, mikoa ya Shinyanga na Geita ikiwemo, imeshuhudia kwa miaka mingi vikongwe wakikatwa mapanga usiku kwa tuhuma za uchawi. Wengine walihukumiwa kwa sababu tu ya macho mekundu, macho ambayo yalipata rangi hiyo kwa moshi wa jikoni, walipokuwa wakiwapikia watoto na wajukuu wao. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa ahadi za uongo za waganga wapiga ramli kwamba viungo vyao huleta utajiri. Damu hiyo inalia kutoka ardhini kama damu ya Abeli.

Askofu aliyekwenda kuona

Fiacre hakumjibu mwanamke yule kwa matusi. Aliacha kazi, akaketi juu ya jiwe, mwenye huzuni, akasubiri. Mapokeo yanasema jiwe hilo lililainika chini yake likawa kama kiti, na waamini wa zamani walilitunza jiwe hilo katika kikanisa chake. Iwe tunalisoma jambo hili kama muujiza au kama fumbo, ujumbe wake ni wazi: jiwe lilikuwa laini kuliko moyo wa mshitaki.

Lakini sisi tungependa kumtazama Askofu Faro zaidi. Angeweza kutuma watu wamkamate mgeni yule. Angeweza kukubali shtaka ili kuwaridhisha wenyeji, kwa kuwa kumtoa mgeni mmoja hakungemgharimu chochote. Hakufanya hivyo. Aliondoka mwenyewe, akaenda Breuil, akaona mahali penyewe na mtu mwenyewe, akatambua kazi ya Mungu. Tangu siku hiyo alimpenda Fiacre kuliko awali, na ardhi ikabaki kuwa ya maskini na wasafiri.

Huu ni wajibu wa kila aliyepewa uongozi: mzee wa ukoo, mwenyekiti wa kitongoji, kamanda wa sungusungu, katekista, na sisi mapadre. Shtaka likiletwa usiku, kiongozi haamui usiku. Huenda kuona. Huuliza nani anafaidika iwapo mtuhumiwa ataondolewa. Maandiko Matakatifu yanatuonya kwa kisa cha Nabothi katika 1 Fal 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu ili alifanye bustani ya mboga. Nabothi alipokataa kuuza urithi wa baba zake, Yezebeli alitafuta mashahidi wa uongo, Nabothi akashitakiwa kwamba amemkufuru Mungu, akapigwa mawe hadi kufa. Shtaka lilikuwa la dini, lakini kilichotafutwa kilikuwa ardhi. Mara ngapi tuhuma ya uchawi dhidi ya mjane imefuatwa na ugomvi wa shamba lake? Panga lililonolewa kwa jina la kuisafisha jamii mara nyingi linatafuta ekari mbili za urithi.

Mapokeo yanaongeza kwamba baada ya tukio la Breuil wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika kikanisa cha Fiacre, na desturi hiyo ilidumu karne nyingi. Inasimuliwa kwamba hata Malkia Anne, mama wa mfalme Louis XIV, alipohiji huko mwaka 1641, alisali akiwa mlangoni. Desturi hiyo ilikuwa ya zama zake, nasi hatuichukui. Kosa la ulimi wa mtu mmoja si kosa la wanawake wote. Tena hapa kwetu ni wanawake wazee waliobeba mzigo mzito zaidi wa tuhuma hizo. Ni wao tunaopaswa kuwafungulia mlango kwanza.

Baada ya kifo chake

Fiacre aliendelea kulima, kusali na kuwahudumia wagonjwa mpaka uzee wake. Alifariki yapata mwaka 670, akazikwa katika kikanisa alichokijenga. Mahujaji walimiminika kwenye kaburi lake, hasa wenye maradhi ya muda mrefu. Mwaka 1568, wakati wa vita vya dini nchini Ufaransa, masalia yake yalihamishiwa katika kanisa kuu la Meaux kwa usalama.

Jina lake likasafiri mbali. Wachongaji walimchonga akiwa na sepetu mkononi, na sanamu zake zikawekwa katika bustani nyingi. Katika karne ya 17, magari ya farasi ya kukodi mjini Paris yaliegeshwa kwenye nyumba iliyobeba jina la Mtakatifu Fiacre, na magari hayo yakaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana madereva wa teksi nao humwita msimamizi wao. Vijana wetu wa bodaboda wana rafiki mbinguni wasiyemjua. Karne hiyo hiyo, kati ya mwaka 1678 na 1683, Jean-Baptiste de La Quintinie alimjengea Louis XIV bustani ya mboga huko Versailles yenye ukubwa wa hekta 9 hivi, iliyopangwa kwa uzuri mkubwa, nayo ipo hata leo. Mfalme mwenye utajiri wote alijivunia kile ambacho mmonaki maskini alikifanya miaka 1000 kabla yake kwa ajili ya wageni wenye njaa. Tofauti ni kwamba bustani ya mfalme ilimlisha mfalme kwanza.

Tufanye nini sisi?

Kwanza, tuuheshimu udongo. Wengi wa vijana wetu wako kwenye maduara na makarasha, nasi hatuwalaumu. Wanatafuta riziki, na Kanisa linasali pamoja nao. Lakini dhahabu ikishachimbwa hairudi, na shimo hubaki. Tuta la mboga likitunzwa hulisha mwaka hata mwaka. Familia inayochimba inaweza pia kuwa na bustani ndogo karibu na nyumba, hata ya viroba vilivyojazwa udongo na samadi, ikimwagiliwa jioni na kutandazwa nyasi ili unyevu usipotee. Maji yenye zebaki yasiifikie bustani hiyo wala kisima, kwa maana sumu hiyo huwadhuru kwanza watoto na akina mama wajawazito. Na pembezoni tupande maua, ili Jumapili tusifike altareni mikono mitupu.

Pili, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ijiulize ni mzee gani katika eneo lake anayeishi peke yake. Tumtembelee kabla mnong'ono haujamfikia. Mzee anayetembelewa na wanajumuiya, anayelimiwa tuta lake na kuletewa maji, ni vigumu kwa muuaji kumgeuza mchawi machoni pa kijiji.

Tatu, tujitenge kabisa na wapiga ramli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataza ramli na uchawi wa kila namna. Na namba 2477 inakataza kumhukumu jirani pasipo msingi na kumsingizia. Mkristo anayekwenda kwa mganga kuuliza nani amemroga mtoto wake hutenda makosa hayo mawili kwa safari moja: anamwacha Mungu, na anarudi nyumbani na jina la mtu asiye na hatia. Mtoto mgonjwa apelekwe zahanati. Mwenye hofu aje tusali pamoja naye.

Mungu alimweka mwanadamu wa kwanza katika bustani ili ailime na kuitunza (Mwa 2:15). Asubuhi ya Pasaka, Maria Magdalena alimwona Bwana Mfufuka akadhani ni mtunza bustani (Yn 20:15). Tunaweza kusema hakukosea sana. Kristo ndiye anayeilima mioyo yetu, anayeng'oa wivu na kupanda upendo mahali pake. Tumwombe aanze na mioyo ya Kharumwa kabla mvua za kwanza hazijanyesha.

Mtakatifu Fiacre, mtunza bustani na rafiki wa wanaosingiziwa, utuombee.